Mkubwa, Mdogo na Kompyuta ya Sebuleni

Watu wa sokoni walimwita Bwana Gramu, na si kwa mapenzi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani, akipita duka kwa duka na sanduku la mbao lenye mawe yake ya shaba, kila jiwe limelala kwenye shimo lake kama yai. Akifika kwa muuza nyanya aliweka jiwe la kilo moja juu ya mizani, akainama, akafumba jicho moja, na muuza nyanya akaanza kusali kimoyomoyo. Mizani ikisema kweli, aliibandika lakiri. Ikidanganya hata kwa uzito wa punje ya mahindi, aliifunga kwa waya akaondoka nayo. Hakupokea soda wala salamu ndefu.

Nyumbani hali kadhalika. Alikuwa na mke zamani, wakaachana kwa heri. Yule bibie alisema hawezi kuzeeka na mtu anayepima chumvi kwa kijiko kilichokatwa kwa rula. Baada ya hapo alibaki na mama yake, wawili tu, katika nyumba ile ile alimozaliwa: sebule, vyumba viwili, jiko upande wa nyuma, na mlango wa mbele unaofunguka moja kwa moja mtaani. Mama macho yalikuwa yamemzimika siku nyingi. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, miguu ameinyoosha, akasikiliza dunia inavyopita. Alijua gari la nani limeharibika breki na jirani gani amenunua viatu vipya. Wapo wanaosema kipofu hana habari ya mambo. Hao hawajakaa na mama wa Bwana Gramu.

Kila siku saa kumi alasiri walisikiliza muziki. Bwana Gramu alikuwa amehamisha kaseti zote za nyumba ile kwenye kompyuta ya sebuleni, kazi iliyomchukua mwaka mzima: alichomeka waya kutoka redio kaseti, akabonyeza, akaenda zake kazini, akarudi jioni kugeuza upande. Ziliingia kaseti mia na kitu. Lakini mama alikuwa na wimbo wake mmoja ambao lazima upigwe kila siku, na huo hukuweza kuununua popote, kwa sababu walioupiga walikuwa wanawe wawili. Mdogo alipiga gitaa na kuimba. Mkubwa, yaani Bwana Gramu mwenyewe enzi za ujana, alipiga debe na kuitikia. Walirekodi pale pale sebuleni, redio kaseti ikiwa chini ya meza. Haukuwa na jina. Mama aliuita “ule wa wanangu.”

Huyo mdogo, kitinda mimba, aliondoka miaka ishirini na sita iliyopita akiwa na gitaa na mfuko mmoja wa nguo. Aliwafuata wanamuziki fulani waliokuwa wakizunguka miji. Zilikuja barua mbili, kisha kimya. Hakuna kaburi, hakuna aliyemwona, hakuna la kushika. Mama alipoondokewa alikuwa hospitali amelazwa kwa ajili ya macho, na siku aliporudi nyumbani na bandeji usoni, la kwanza kuuliza lilikuwa, “Mdogo yuko wapi?” Mkubwa akamjibu kwamba yeye alikuwa kazini, aliporudi akakuta kitanda kitupu. Wimbo, alisema, walikuwa wameurekodi jana yake, zawadi ya mama.

“Hata kwaheri hakuacha?” mama aliuliza.

“Hakuacha, Mama.”

Maneno hayo mama aliyala, na kwa miaka ishirini na sita hayakusagika.

Sasa, kompyuta nayo ni kiumbe, huzeeka. Ilianza kuzima yenyewe katikati ya wimbo, ikawa inachukua nusu saa kuwaka. Bwana Gramu akamwita mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa fundi kompyuta mwenye kibanda chake mjini. Binti alikuja na begi lake mgongoni, akavua viatu, akamsalimia bibi yake, akaketi mbele ya kioo akabonyeza hapa na pale huku akiguna.

“Mjomba, mashine yenyewe nzima. Ni huu mfumo wa uendeshaji ndio umezeeka. Waliouunda wameshauacha, hawauletei marekebisho tena.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nakuwekea mwingine pembeni yake. Wakae wawili, uwapime, utakayempenda ndiye abaki. Ukiwasha, kompyuta itakuonyesha mistari miwili, una sekunde kumi za kuchagua.”

“Nisipochagua?”

“Inachagua yenyewe.”

Jibu hilo Bwana Gramu hakulipenda. Kitu kinachojichagulia hakipimiki. Akauliza tofauti yao ni nini, maana yeye anataka muziki tu, hataki barua wala sinema.

“Basi kwa muziki tofauti ipo,” mpwa akasema, akafurahi kuulizwa. “Huu wa zamani, jinsi ulivyopangwa, unarembesha. Unapandisha besi, unachuja mikwaruzo, na ukifika mahali pa kimya unadhani wimbo umekwisha, unaruka kwenye unaofuata. Huu mpya nimeupanga usiguse kitu. Kilichomo kwenye faili ndicho kitakachotoka kwenye spika, mwanzo hadi mwisho. Kama siku ya kurekodi alipita nzi, utamsikia nzi.”

Mama alicheka kwenye kiti chake. “Wawili ndani ya nyumba moja lazima wawe na majina. Huyo wa zamani tumwite Mkubwa. Huyo mpya ni Mdogo.”

Mpwa akacheka pia, akayaandika majina hayo hayo kwenye ile mistari miwili. Bwana Gramu hakucheka. Alitazama kioo cheusi, juu kimeandikwa Mkubwa, chini Mdogo, na pembeni tarakimu zikishuka, tisa, nane, saba.

Akawapima kama alivyopima mizani zote za mji ule. Jiwe la kupimia lilikuwa wimbo wa wanawe mama. Leo alimwasha Mkubwa, kesho Mdogo, sauti kwenye kiwango kimoja, kiti mahali pamoja, na daftari gotini. Akaandika kwamba kwa Mkubwa muziki ni mnene, una joto, debe linasikika vizuri sana (ni lake hilo debe, ataachaje kulisifu). Kwa Mdogo muziki ni mwembamba, lakini unasikia kidole kikiteleza kwenye waya wa gitaa na mwimbaji akivuta pumzi. Alama akampa Mkubwa.

“Mimi namtaka Mdogo,” mama alisema.

“Kwa nini, Mama? Mkubwa ana sauti nzuri zaidi.”

“Mkubwa anaimba kama mtu aliyeshiba. Mdogo anaimba kama mtu aliye humu ndani.”

Jumanne, siku ya Mdogo, Bwana Gramu aliuacha wimbo ukiisha akaenda jikoni kuchemsha chai. Maji hayajachemka akamsikia mama yake akisema kwa ile sauti ya kupokea wageni, “Karibu!” Akafuta mikono, akaenda mbele, akafungua mlango. Mtaani palikuwa na baiskeli imeegemea ukuta na nguo za jirani kwenye kamba. Hapakuwa na mtu.

“Nani, Mama?”

“Kuna mtu amebisha hodi.”

“Mbona hayupo?”

“Basi ameondoka,” mama akasema, akanyoosha mkono kupokea chai ambayo haijawa tayari.

Jumatano alimwasha Mkubwa, hapakutokea neno. Alhamisi, zamu ya Mdogo, “Karibu!” tena, na mlangoni hapana mtu. Bwana Gramu akaanza kuwashuku watoto wa mtaani, wanaobisha na kukimbia. Basi Jumamosi, zamu nyingine ya Mdogo, aliuwasha wimbo, akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake, akasimama kizingitini mikono nyuma kama anayengoja kumkamata mwizi wa mizani. Jua lilikuwa linawaka. Mtaa mzima ulikuwa mweupe, hapiti hata paka. Kupitia dirishani alisikia gitaa, debe, sauti mbili, kisha noti ya mwisho. Kikafuata kimya, mlango wa mtu ukagonga mahali fulani, kisha kimya tena. Kikakaa sana. Akaanza kujicheka.

“Karibu!” mama yake akaita kutoka ndani.

Aliyekuwa amesimama mbele ya mlango ule ni yeye peke yake. Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni, na hakugeuka kutazama nyuma yake, kwa sababu ghafla hakuwa na hakika kwamba nyuma yake ni patupu.

Jumapili mama alipolala mchana, Bwana Gramu alimwasha Mdogo, akavaa hedifoni, akafungua wimbo. Safari hii hakuondoka noti ya mwisho ilipopigwa. Namba za dakika kwenye kioo ziliendelea kutembea, kwani wimbo uliishia dakika ya tano lakini kaseti siku ile haikuzimwa. Ilizunguka mpaka upande ukaisha. Yeye hakuwahi kulijua hilo. Siku aliyouhamisha wimbo alikuwa kazini, na Mkubwa, kwa tabia yake ya kuruka ukimya, hakuwahi kumfikisha huko.

Akasikia gitaa likiwekwa chini. Akasikia watu wawili wakienda jikoni, kisha mvumo wa mzozo nyuma ya ukuta, maneno hayashikiki. Akasikia hatua zikirudi haraka, na mlango wa mbele ukifungwa kwa kishindo. Baada ya hapo sebule tupu, ile ile alimokuwa ameketi, saa ya ukutani ikigonga, saa ambayo waliitupa miaka mingi iliyopita. Dakika ya sita. Ya saba. Ya nane. Dakika ya tisa, kutoka mbali, nje ya mlango, sauti ya kijana ikasema:

“Hodi.”

Bwana Gramu alizing'oa hedifoni masikioni kama zimemuunguza.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Na wewe msomaji usidanganyike ukadhani aliogopa mzimu. Aliogopa kwa sababu aliikumbuka hodi hiyo.

Siku ile hakuwa kazini. Walirekodi wimbo mchana, na noti ya mwisho ilipotulia mdogo wake akamwambia kwamba jioni ile anaondoka na wanamuziki. Mkubwa alikuwa amemtafutia kazi ofisini kwake, amemwombea kwa mabosi, ameona aibu mpaka ameipata. Wakagombana jikoni. “Nenda,” alimwambia. “Utarudi mwenyewe.” Mdogo akatoka. Na kweli akarudi, baada ya dakika chache tu, akabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yao wenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, maana nani hubisha hodi kwao? Hiyo ilikuwa ni kuomba radhi. Mkubwa alilielewa hivyo hivyo, ameketi kwenye kiti, hatua sita kutoka mlangoni, na akanyamaza. Alitaka amfunze adabu. Ikaja hodi ya pili. Akanyamaza. Ikaja ya tatu. Akajiambia, ya nne nitaitika. Mtu anayejua vipimo vyote vya dunia alisahau kipimo kimoja ambacho hata mtoto anakijua: hodi ni tatu. Ukibisha tatu usijibiwe, unaondoka.

Ndiyo habari aliyoificha miaka ishirini na sita. Kila mama aliposema, “Mwanangu hakurudi hata kuniaga,” yeye aliinamia sahani yake. Kilichomtia hofu sasa kilikuwa hicho tu: mama kujua kwamba alirudi, na nani alikuwa ndani.

Tangu hapo ikawa Mkubwa kila siku. Aliwahi kuketi mbele ya kioo kabla ya saa kumi, akachagua mstari wa juu, wimbo ukapigwa, ukaisha, ukaruka kwenye kaseti nyingine kwa furaha zake. Mama alivumilia siku mbili.

“Umemwasha Mkubwa,” alisema siku ya tatu.

“Umejuaje?”

“Kwani mimi sina masikio? Feni yake inavuma kama mtu aliyebanwa na mafua. Mzime, umwashe Mdogo.”

“Mdogo ana hitilafu, Mama. Namngoja fundi.”

“Hitilafu,” mama akasema, akalitafuna neno hilo.

Lakini mpimaji ni mpimaji. Kilimkera moyoni kwamba alisikia hodi moja, na yeye anakumbuka tatu. Labda zile nyingine hazikushikwa na kaseti. Labda alikosea kuhesabu. Wiki ilipopita akasubiri mama aende kuoga, akamwasha Mdogo, akavaa hedifoni. Wimbo, gitaa, jikoni, mlango, saa ya ukutani. Akakodolea macho namba. Dakika ya saba, “Hodi.” Dakika ya nane, “Hodi.” Ya pili ilikuwa karibu zaidi, kama aliyebisha ameegemeza paji la uso kwenye ubao.

Akafungua daftari. Wiki iliyopita aliandika kwa mkono wake: tisa, moja tu. Leo: saba na nane, mbili. Katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kuona jiwe la shaba likijiongeza uzito lenyewe sandukuni. Akasikia maji bafuni yamefunguliwa na mama yake anaimba kule, anaimba ule wa wanangu, anaitikia sehemu ya debe kwa ulimi.

Akampigia mpwa. Binti akaja baada ya kazi, akachunguza.

“Faili halijaguswa, Mjomba. Ukubwa ule ule, tarehe ile ile uliyoliingiza. Faili halikui kama mmea.”

“Sikiliza mwenyewe. Baada ya wimbo.”

Akavaa hedifoni. Bwana Gramu alisimama nyuma yake akitazama namba zikipita, sita, saba, nane, tisa. Mpwa alikunja uso, akabonyeza hedifoni kwa viganja, kisha akazivua.

“Mlango unafungwa. Kuna saa. Halafu kuna mtu anakohoa.”

“Anakohoa wapi?”

“Humu ndani. Karibu kabisa na redio. Anakohoa kidogo, kama anayejizuia kusema.”

“Na hodi?”

“Hodi gani, Mjomba? Mimi sikusikia hodi.”

Usiku ule alijigeuzageuza kitandani. Alikuwa amelisikiliza faili lile mara mbili na hakusikia kikohozi chochote. Asubuhi kabla hajavaa viatu alimtumia mpwa ujumbe: Leo njoo umfute Mdogo. Wimbo uache. Mfute Mdogo tu. Kisha akachukua sanduku lake akaenda sokoni.

Siku yenyewe ilimwendea kombo. Aliweka jiwe la kilo kwenye mizani ya muuza dagaa, akainama, na sindano ikawa inacheza mbele ya macho yake, haitulii. Akafumba jicho la kulia, akafumba la kushoto. Muuza dagaa akangoja mpaka akachoka, akamuuliza, “Bwana mkubwa, vipi, niite daktari?” Ilikuwa mara ya kwanza kumwacha mtu bila kumpa lakiri wala kumfungia. Watu wa sokoni walilizungumza hilo mwezi mzima.

Alirudi saa tisa na nusu. Mpwa alikuwa mbele ya kompyuta anafunga begi lake, na mama alikuwa amehamisha kiti, ameketi karibu na spika.

“Nimemaliza, Mjomba.”

“Umemfuta?”

Binti alimtazama bibi yake, kisha akatazama zulia. “Nimemfuta Mkubwa.”

“Mimi nilikuandikia nini?”

“Nilimwambia Bibi. Nilimwambia, Bibi, Mjomba ameniagiza nimfute Mdogo. Nilikuwa namtania tu, Mjomba, kwa yale majina.”

“Nami nikamwambia,” mama akasema bila kupandisha sauti, “Mdogo alishafutwa mara moja katika nyumba hii. Hafutwi mara ya pili. Kama lazima mmoja aondoke, aondoke Mkubwa.”

Mpwa akavaa begi, akamuaga bibi yake kwa kumshika mkono, akampita mjomba wake bila kumtazama usoni, na mlango ukafungwa taratibu nyuma yake.

“Saa kumi inakaribia,” mama akasema. “Washa.”

“Mama, leo nimechoka.”

“Washa, mwanangu.”

Akaketi, akabonyeza. Safari hii hapakuwa na mistari miwili wala sekunde kumi. Kompyuta haikumuuliza kitu. Iliwaka ikaenda moja kwa moja kwa Mdogo, na vidole vya Bwana Gramu vikafungua wimbo kama si vyake. Gitaa likaanza. Akamsikia mdogo wake akivuta pumzi kabla ya ubeti wa kwanza, akajisikia yeye mwenyewe akiitikia, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye sauti isiyo na dhambi yoyote bado. Dakika tano. Noti ya mwisho.

Gitaa likawekwa chini. Wakaenda jikoni. Wakagombana nyuma ya ukuta. Mlango ukagonga, naye akashtuka kitini. Saa ya ukutani ikaanza kuhesabu, na mama akainua kidole kimoja hewani, kama mwalimu.

“Hapo.”

Kwenye spika mtu akakohoa. Safari hii Bwana Gramu alikisikia.

“Kikohozi hicho nakijua tangu ulipougua surua,” mama akasema. “Hukuwa kazini.”

“Sikuwa kazini, Mama.”

“Sema.”

“Alirudi. Alibisha hodi. Nilikuwa nimekaa hapa, sikumjibu. Alibisha mara tatu.” Machozi yalimtoka, mzee wa watu, akayaacha yashuke. “Nilikuwa namfunza adabu. Nilidhani atabisha tena. Nikakudanganya, Mama, nimekudanganya maisha yangu yote.”

Mama hakushtuka. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaushika, na mkono wa mama ulikuwa wa baridi.

“Nimejua tangu wiki ya kwanza Mdogo alipoingia kwenye hii kompyuta. Nilikusubiri useme.”

“Ulikuwa unamwitikia.”

“Nilikuwa namwitikia kwa niaba yako. Nilidhani itatosha, na kila nikimwitikia anazidi kusogea, lakini haingii. Haniiti mimi. Mimi siku ile sikuwepo.”

“Hodi,” ikasema spika.

Ilikuwa karibu mno. Bwana Gramu alitazama spika, kisha akatazama mlango, kwa sababu hakuweza kujua sauti imetokea wapi kati ya hivyo viwili. Mama akaukaza mkono wake.

“Mama, zima. Nakuomba, tuuzime.”

“Leo simjibu mimi,” mama akasema.

“Hodi,” ya pili, na ubao wa mlango ukalia kidogo, kama mtu ameuegemea.

Iliyobaki ni ya tatu. Alijua kinachofuata baada ya tatu, amekijua miaka ishirini na sita: viatu vinavyogeuka, na mtaa unaoondoka navyo.

“Karibu,” akasema.

“Kwa sauti. Yuko nje.”

“Karibu!” Bwana Gramu alilia, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. “Karibu, Mdogo! Karibu ndani!”

Wakangoja. Saa ya ukutani, ile isiyokuwepo, iligonga kwenye spika. Namba zikapita dakika ya tisa, zikapita ya kumi. Hodi ya tatu, ile aliyoisikia kwa masikio yake mwenyewe siku ile na kila siku baada yake, haikuja. Upepo mwembamba uliingia sebuleni kutoka upande wa mtaani, ukagusa karatasi za daftari lake juu ya meza, na yeye akabaki amesimama akiupa mlango mgongo, hana ujasiri wa kugeuka.

Mama yake akaachia mkono wake, akakusanya nguo, akavuta miguu yake ndani chini ya kiti, ili mtu apate nafasi ya kupita.